Kiti cha Jaji Kilichopotea kwa Miaka 108 South Carolina

Julai 2024 Donald Beatty, Jaji Mkuu wa jimbo la South Carolina nchini Marekani, alistaafu kwa mujibu wa umri. Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ina majaji watano, na baada ya kuondoka kwake wote wakawa weupe, katika jimbo ambalo takriban mtu mmoja kati ya wanne ni mweusi. Katika vipindi vyetu vya elimu ya sheria kwa umma swali hili hurudi kila mara: imekuwaje? Mimi huanzia bungeni, mahakama huja baadaye.

Kwetu Tanzania jaji huteuliwa na Rais baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama. South Carolina nayo ina tume ya kuwachuja waombaji, lakini mwenye neno la mwisho ni Bunge la jimbo: wawakilishi 124 na maseneta 46 humpigia jaji kura. Virginia ndilo jimbo jingine pekee lenye utaratibu huo. Maana yake ni kwamba ukitaka kujua nani atavaa joho, hesabu kwanza nani wamekalia viti vya Bunge.

Mwaka 1868, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimekwisha na wanaume weusi wakiwa wamepata haki ya kupiga kura, hesabu hiyo ilitoa jibu ambalo halijawahi kuonekana kwingine Marekani. Weusi walikuwa wengi kuliko weupe katika Baraza la Wawakilishi. Wanasheria weusi walivutwa na hali hiyo, wengi wao wakitoka kaskazini. Macon Bolling Allen, aliyesajiliwa uwakili jimbo la Maine mwaka 1844 na anayehesabiwa kuwa wakili wa kwanza mweusi nchini humo, alihamia Charleston akiwa mtu mzima wa miaka 50 na ushei. Huko alishirikiana na William Whipper na Robert Brown Elliott kufungua kampuni ya uwakili inayotajwa kuwa ya kwanza ya weusi Marekani. Mwaka 1873 Bunge likamchagua Allen kuwa hakimu mjini humo.

Aliyefika juu zaidi ni Jonathan Jasper Wright. Huyu alikuwa mtu wa Pennsylvania, wakili wa kwanza mweusi kusajiliwa kule. Alikuja Beaufort, South Carolina, kama mshauri wa sheria wa watu waliotoka utumwani. Alishiriki kuandika katiba ya jimbo ya 1868, akawa seneta, na Februari 1870, kabla hajatimiza miaka 30, Bunge likamchagua kuwa jaji wa Mahakama ya Juu. Kabla yake hakuna mtu mweusi aliyekuwa amekalia kiti kama hicho katika jimbo lolote.

Alikaa miaka saba. Kilichomwondoa ni uchaguzi wa ugavana wa 1876, na hapa naomba tutulie kidogo.

Wagombea wawili, Daniel Chamberlain, gavana aliyekuwa madarakani akiungwa mkono na weusi, na Wade Hampton, jenerali wa zamani wa jeshi lililopigania utumwa, kila mmoja alijitangaza mshindi. Wafuasi wa Hampton walivaa mashati mekundu na kutembea na bunduki. Jimbo likawa na magavana wawili. Kesi iliyofika mahakamani kuamua mgogoro huo ilikuwa ndogo ajabu: mfungwa aliyeitwa Tilda Norris alikuwa amepewa msamaha na Hampton, na mkuu wa gereza hakutaka kumwachia. Kama msamaha ule ni halali, basi Hampton ndiye gavana.

Majaji walikuwa watatu, na Jaji Mkuu Moses alikuwa mgonjwa mahututi. Walibaki Willard na Wright. Tarehe 27 Februari 1877 wote wawili walitia saini amri ya kumwachia Norris. Siku mbili baadaye Wright akarudi, akataka saini yake iondolewe. Amri ikabaki ileile.

Waandishi wa historia wa zamani walimcheka kwa hilo, wakamwita kigeugeu. Naona walimwonea. Mtu mmoja, nje kuna bunduki, serikali kuu inajiandaa kuondoa askari wake waliokuwa wakimlinda Chamberlain, na kila mtu anajua nani atashika Bunge kesho. Kweli, Aprili ya mwaka huohuo askari waliondolewa na Hampton akatwaa ofisi. Bunge jipya likamchunguza Wright kwa tuhuma za ulevi na rushwa. Akajiuzulu, na ikafika 1 Desemba 1877 hakuwa tena jaji. Alihamia Charleston, akafanya uwakili na kufundisha vijana sheria, hadi kifua kikuu kilipomuua mwaka 1885.

Chuo Kikuu cha South Carolina, kilichokuwa kimepokea wanafunzi weusi tangu 1873, kilifungwa mwaka uleule wa 1877 na kufunguliwa tena kwa weupe peke yao. Mmoja wa wahitimu wake wa kipindi kile kifupi, T. McCants Stewart, aliishia kuwa jaji wa Mahakama ya Juu, lakini ya Liberia. Kisha katiba ya 1895 ikawaondoa weusi karibu wote kwenye daftari la wapiga kura. Baada ya muda hapakuwa tena na mbunge wa kumpigia kura jaji mweusi, wala chuo cha umma cha kumfundisha sheria.

Chuo kilirudi kwa mlango wa nyuma. Mwaka 1946 John Wrighten, askari aliyetoka vitani, aliomba kusoma sheria akakataliwa kwa rangi yake. Alikwenda mahakamani akitetewa na jopo la Thurgood Marshall, wakili mweusi wa haki za kiraia, ambaye Wakenya wana sababu ya kumkumbuka: mwaka 1960 aliwashauri wajumbe wao Lancaster House, London, na kuandaa rasimu ya haki za binadamu kwa ajili ya katiba yao. Mwaka 1947 Jaji Waties Waring alilipa jimbo njia tatu: mpokeeni, au mfungulieni weusi chuo chao cha sheria, au fungeni hicho cha weupe. Jimbo likaona heri kujenga chuo kipya mjini Orangeburg kuliko kumweka kijana mmoja mweusi darasani.

Hadi wakati huo wahitimu wa sheria wa chuo cha weupe walisajiliwa uwakili bila mtihani. Weusi wa Orangeburg walipokaribia kuhitimu, upendeleo huo ukafutwa na mtihani ukawa wa wote. Haikusaidia kuwazuia. Matthew Perry alifaulu mwaka 1951. Huyu wakati wa vita, akiwa na sare ya jeshi la nchi yake, aliwaona wafungwa wa kivita wa Kiitalia wakihudumiwa ndani ya mgahawa huku yeye akiagizia chakula dirishani, nje. Baadaye ndiye aliyeshinda kesi iliyomwingiza kijana mweusi Harvey Gantt chuo cha weupe cha Clemson mwaka 1963, na mwaka 1979 akawa jaji wa kwanza mweusi wa mahakama ya shirikisho katika jimbo lake.

Ernest Finney alihitimu Orangeburg mwaka 1954. Uwakili haukumlisha, kwa hiyo alifundisha shule na kubeba sahani kwenye hoteli. Mara yake ya kwanza kuingia kwenye mkutano wa chama cha mawakili wa jimbo, hoteli ya Ocean Forest, Myrtle Beach, aliingia kama mhudumu. Wanachama walikuwa weupe, naye alikuwa wakili mwenzao mwenye trei mkononi.

Weusi walirudi bungeni mwaka 1970, watatu tu. Finney aliingia kwenye uchaguzi wa 1972. Mwaka 1976 wabunge wenzake wakamchagua jaji wa mahakama ya mzunguko, iliyo chini ya Mahakama ya Juu. Wa kwanza mweusi katika ngazi ile. Mwaka 1985 akafika Mahakama ya Juu, kwenye kiti ambacho mtu mweusi hakuwa amekikalia kwa miaka 108, na mwaka 1994 akawa Jaji Mkuu. Beatty aliyemfuata miaka mingi baadaye naye alipitia bungeni kwanza.

Lakini nikimfikiria Finney namwona mjini Rock Hill. Mwaka 1961 aliwatetea vijana tisa waliokamatwa kwa kukaa kwenye kaunta ya chakula ya weupe katika duka la McCrory. Walishindwa. Wangeweza kulipa faini ya dola 100. Wakachagua siku 30 za kazi ngumu. Tarehe 28 Januari 2015 kesi iliitwa upya. Finney, mzee wa miaka 83, alisimama tena upande wa utetezi na kuomba hukumu zile zifutwe. Mwendesha mashtaka aliwaomba radhi. Aliyekuwa mezani ni Jaji John Hayes wa Tatu. Hakimu aliyewatia hatiani vijana wale mwaka 1961 alikuwa ami yake.

Hayes alizifuta.