Je, wajua kwa nini Wakenya wamepigia kura katiba mara mbili na sisi huku Mwanza bado?

Mama yangu mdogo anauza dagaa pale Mwaloni Kirumba, yeye na wenzake wana kikoba, sanduku la bati lina kufuli tatu na funguo wameshika akina mama watatu tofauti, ndani ukiacha hela na vitabu vya hisa kuna daftari limeandikwa KATIBA kwa kalamu nene. Mwaka jana mwenyekiti akataka aongezewe muhula wakati daftari linasema miaka miwili basi. Wakamwambia dada, hiyo katiba ndo imekuweka hapo, huwezi kuigeuza peke yako, peleka mkutano mkuu. Ilitakiwa theluthi mbili ya wanachama 30, akapata kura 11, wakamshukuru kwa kazi wakanywa soda.

Sasa nchi nayo ni hivyohivyo. Kuna mamlaka ya kutunga katiba, alafu kuna mamlaka yanayotoka kwenye katiba. Rais, Bunge, mahakama, wote wako hili kundi la pili, wanatumia walichopewa. Hata Katiba yetu ya 1977, ibara ya 8, imesema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote.

Ishu ni mlango unapitia wapi. Ukienda ibara ya 98 unakuta katiba inabadilishwa kwa theluthi mbili ya wabunge wote, na mambo kadhaa ya Muungano theluthi mbili ya wabunge wa Bara na theluthi mbili ya wa Zanzibar, kila upande unahesabiwa kivyake. Wewe wa Igoma kura yako haijatajwa popote hapo. Na hata hiyo ya 1977 ilipitishwa na Bunge Maalum ambalo wajumbe wake walikuwa wabunge walewale. Vyama vingi je? Tume ya Jaji Nyalali ilizunguka nchi 1991, kama asilimia 80 ya waliotoa maoni wakasema tubaki na chama kimoja, tume ikapendekeza vingi na 1992 Bunge likapitisha. Mi naona ilisaidia, ila tusidanganyane, kura haikupigwa.

Vuka ziwa uende Kisumu. Kenya 2005 waliletewa katiba mpya, alama ya ndiyo ni ndizi na ya hapana ni chungwa, chungwa likashinda (jina la ODM, chama cha chungwa, lilianzia hapo), wakarudi tena Agosti 2010 wakaipitisha hii waliyonayo. Na humo wameandika mambo ambayo bila kura ya maoni hayaguswi, na mwananchi akikusanya saini milioni moja anaweza kuanzisha mabadiliko mwenyewe. BBI, ule mpango wa Rais Uhuru Kenyatta wa kubadilisha katiba, ulikwama hapohapo, Mahakama ya Juu 2022 ikasema njia hiyo ni ya wananchi, rais hawezi kuipitia, yaani yale yale ya mwenyekiti wa kikoba.

Ila usidhani wananchi wakiitunga ndo imeisha. Waganda walichagua wenyewe wajumbe wa kutunga katiba ya 1995, lakini ukomo wa mihula ya rais haukuwekwa kwenye zile ibara zinazodai kura ya maoni, kwa hiyo Bunge likaufuta 2005, na 2017 likafuta na ukomo wa umri wa miaka 75.

Sisi tulikaribia kweli. Tume ya Jaji Warioba ikakusanya maoni ya katiba mpya, Bunge Maalum likakaa Dodoma 2014, Oktoba likapitisha Katiba Inayopendekezwa, na sheria ilitaka iende kwa wananchi. Tarehe ikapangwa, 30 Aprili 2015, ikaahirishwa kwa sababu uandikishaji wa wapiga kura kwa BVR, zile mashine za alama za vidole, ulikuwa haujaisha. Zanzibar wenzetu angalau walipiga yao Julai 2010, ile ya serikali ya umoja wa kitaifa.

Mama mdogo alipanga foleni ya BVR mwaka ule, kadi iko kwenye pochi yake pamoja na risiti za dagaa. Kaitumia kuchagua rais, mbunge na diwani. Ya katiba bado.