Kocha wa Stars haanzi upya, anaazima

Juzi nimekaa kwa kinyozi pale Magomeni, hapahapa Mtwara, mashine imeshapita upande mmoja wa kichwa, kijana akaizima ili aniambie vizuri: "Mwalimu, kocha mpya wa Taifa Stars afagie wote. Aanze upya, timu ijengwe toka msingi." Nikamjibu, njomba, malizia kwanza kichwa changu.

Hapo kwanza sikumjibu zaidi kwa sababu nimechoka. Maneno hayo niliyasikia alipokuja Kim Poulsen 2012, nikayasikia tena aliporudi 2021. Mtu anarudi kwenye nyumba aliyowahi kuishi, na bado tunasema anaanza upya! Nikayasikia kwa Amunike 2018, kwa Amrouche 2023, na Novemba 2025 Gamondi alipokabidhiwa timu wiki chache kabla ya AFCON, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, yakasemwa kwa sauti kubwa kuliko zote. Kwa hiyo leo nayaandika, nikiulizwa tena nitume hii tu.

Mimi nafundisha vijana hapa Mtwara. Leseni yangu ni ya chini, na nusu ya koni zangu ni vifuu vya nazi. Sijawahi kukaa benchi la Stars wala sitakaa. Ila hesabu ya siku za mazoezi haihitaji leseni kubwa.

Tuhesabu. Wikiendi wachezaji wako kwenye ligi zao. Jumatatu wanaripoti kambini, na aliyetoka Uturuki au Iraq anafika Jumanne, miguu imejaa kwa kukaa kwenye ndege. Waliocheza Jumapili huwagusi, ni kukimbia taratibu na kujinyoosha. Jumatano ndiyo mazoezi yenyewe. Alhamisi ni nusu, maana kesho yake kuna mechi. Mechi Ijumaa. Jumamosi kupumzisha miguu, Jumapili mazoezi, Jumatatu nusu tena, Jumanne mechi ya pili, Jumatano kila mtu na begi lake uwanja wa ndege. Jumla umepata mazoezi matatu ya maana, ukibahatika. Halafu mnaagana mpaka mwezi mwingine, na huko walikokwenda kila mmoja ana mwalimu wake anayemwambia kitu tofauti na ulichomwambia wewe.

AFCON je? Kwa ile ya Morocco, FIFA ilisema klabu hazilazimiki kuwaachia wachezaji kabla ya tarehe 15 Desemba. Mashindano yalianza tarehe 21, na Stars ilicheza na Nigeria tarehe 23. Siku nane. Mimi siku nane hazinitoshi kumfundisha beki wangu wa kulia asirushe mpira katikati ya uwanja.

Sasa nije kwenye kinachoniudhi hasa, nacho ni neno "mfumo". Kocha akitajwa tu, mtu anasema "ataleta mfumo wake", kana kwamba mfumo unapakiwa kwenye sanduku pamoja na raba. Ukimuuliza mfumo gani, anakutajia namba: nne, tatu, tatu. Namba hizo ni mahali watu wanaposimama wakati wa kupiga picha. Mpira ukishaanza hakuna anayesimama hapo.

Chukua presha ya juu, yaani kuwakaba wapinzani hukohuko kwenye nusu yao, ambayo kila shabiki anaitaka. Mpira uko kwa beki wao wa kushoto. Winga wangu wa kulia asikimbilie tu, angoje ishara: beki kaupokea akiwa kaangalia goli lake, au mguso wa kwanza umemtoka. Hapo anaondoka, na anaondoka kwa kupinda ili afunge njia ya kurudisha kwa sentahafu, beki wao wa kati. Sekunde hiyohiyo namba kumi wangu anamkaba namba sita wao, kiungo anayecheza mbele ya mabeki. Beki wangu wa kulia anapanda kumfuata winga wao, anaacha uwazi mkubwa mgongoni. Sentahafu wangu anauziba ule uwazi, kiungo mkabaji anashuka kujaza pa sentahafu, na kipa anatoka kwenye kumi na nane. Watu sita wanatembea kwa ishara moja. Mmoja akichelewa hatua mbili, watano wengine wamekimbia bure na mpira uko nyuma yao. Kibaya ni kwamba aliyechelewa haonekani. Anayeonekana ni sentahafu, na ndiye mtaani wanamwita gunia.

Mimi na vijana wangu tulianza kulifanyia kazi jambo hilo ufuta ukiwa unauzwa, tukaja kuelewana korosho zimeshaanza kudondoka. Mazoezi mara nne kwa wiki, vijana walewale, uwanja uleule. Hata baada ya hapo, akiumwa mmoja nikaingiza mwingine, tunarudi nyuma mwezi mzima.

Na nimeshawahi kufanya kosa lenyewe. Mwaka mmoja nilipewa kombaini, vijana wametoka Newala, Tandahimba, Masasi na Nanyumbu, siku nne za kambi. Kombaini ni timu ya taifa ndogo: hakuna wako hata mmoja, wote umeazima. Nikajiona bingwa. Nikachora mishale ubaoni siku mbili, vijana wanaitikia "ndiyo mwalimu". Mechi ya kwanza tukapigwa nne, na tatu kati ya hizo zilipita mgongoni mwa mabeki, palepale nilipokuwa nimechora mishale.

Usiku sikulala vizuri. Asubuhi nikafuta ubao. Nikawashusha wote chini ya mstari wa kati, sentahafu wawili nikawachukua wa shule moja maana walishazoeana, na mazoezi yote yakawa kona mbili: moja ya nguzo ya karibu, moja ya nyuma. Tukashinda moja bila, kwa kona. Mzee mmoja kwenye uzio akanishika mkono: "Mwalimu, timu umeibadilisha usiku mmoja!" Nikamshukuru. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeondoa tu nilichokuwa nimekiweka.

Ndiyo maana ukinionyesha timu ya taifa inayocheza vizuri, mimi natazama kwanza nani na nani wanacheza klabu moja. Mabeki Bacca na Dickson Job wamezoeana Yanga, mmoja akitoka mwingine anajua pa kusimama bila kuitwa. Hicho hakuna kocha wa Stars aliyekijenga, amekiazima kikiwa tayari. Kwenye CHAN ya Agosti 2025, iliyofanyika hapa kwetu, Kenya na Uganda, Stars ya Hemed Suleiman ilifungwa goli moja tu katika mechi nne za kundi, ikaja kutolewa na Morocco kwa moja bila robo fainali. CHAN ni wachezaji wa ligi ya ndani peke yao, wengi wanaonana kila wiki, na kambi yake haigombaniwi na klabu za Ulaya. Mimi sishangai kwamba ukuta ulisimama pale.

Kwa upande wa klabu mambo ni mengine kabisa. Namungo wa Ruangwa walipanda Ligi Kuu 2019, mwaka uliofuata wakacheza fainali ya Kombe la Shirikisho na Simba kule Sumbawanga, wakafungwa mbili kwa moja. Kocha wa klabu ana wachezaji wake kila siku ya Mungu, kwa hiyo yeye ukisema anajenga sitakubishia.

Mzawa au mgeni? Leo siingii huko. AFCON ya 2019 na ya 2023 tulifuzu na wageni, ya 2025 tukafuzu na Hemed, mzawa. Tuendelee.

Na "afagie wote" nayo. Mshambuliaji wetu Msuva alifunga AFCON ya 2019 dhidi ya Kenya. Akafunga ya 2023 dhidi ya Zambia. Akafunga ya 2025 dhidi ya Uganda. Mashindano matatu, makocha watatu tofauti kwenye benchi, mfungaji ni yuleyule. Kila mmoja kati ya hao watatu alipokuja kulikuwa na kijana kwenye kiti cha kinyozi anasema huyu mzee aondolewe. Kufagia ni rahisi kama una mwingine wa kuweka. Kocha wa taifa haendi sokoni kununua straika, anachagua kwa waliopo, na waliopo walishatengenezwa au kuharibiwa wakiwa na miaka kumi na mbili, huku kwetu, kwenye vifuu.

Basi kocha mpya anabadilisha nini? Vipo, ila ni vidogo na havina jina zuri. Mstari wa ulinzi ukae juu au chini. Nani apige kona na nani asimame wapi. Nani arudishwe aliyekuwa amegombana na aliyetangulia. Chumba cha kubadilishia nguo kipumue. Hivyo vinawezekana kwa siku tatu.

Hapa sasa lazima niwe mkweli, maana kinyozi angenibana angenipata. Mwaka 2022 Morocco walibadilisha kocha Agosti, Regragui akaingia, akamrudisha Ziyech, na Desemba wako nusu fainali ya Kombe la Dunia. Miezi mitatu na ushee. Nina jibu: wale walikuwa wameiva kwenye klabu kubwa, yeye alipatanisha na kuchagua. Ni jibu zuri. Lakini AFCON ya 2023, Ivory Coast walipigwa nne bila na Guinea ya Ikweta, kocha akaondoka mashindano yakiendelea, msaidizi wake Emerse Faé akapewa timu, wakachukua kombe. Kwa hilo sina jibu. Nimelifikiria mara nyingi nikiwa napanga vifuu uwanjani na bado sina. Labda hofu iliwatoka. Labda ni bahati tu, maana timu hubadilishiwa kocha ikiwa shimoni, na aliye shimoni akisogea kidogo tu watu wanaona amepaa.

Mashindano hayohayo sisi nasi tulibadilisha katikati. Tulifungwa tatu na Morocco, Amrouche akafungiwa, Hemed akashika timu, tukatoka moja moja na Zambia na bila bila na Congo. Mtaani ikawa "mnaona, kocha mpya!" Zambia walicheza kipindi kizima cha pili wakiwa kumi, baada ya kadi nyekundu. Sasa hiyo sare ni ya kocha au ya refa? Mimi nadhani timu ilitulia kweli, ila siwezi kukuapia kwamba ningeliona hilo kama Zambia wangekuwa kumi na mmoja.

Na Gamondi? Sare na Uganda, sare na Tunisia kwa goli la Feisal, tukaingia hatua ya mtoano ya AFCON kwa mara ya kwanza katika historia, wenyeji Morocco wakatutoa kwa moja bila. Hongera yake, na ninaisema kwa moyo. Lakini tulifika huko na pointi mbili, bila ushindi hata mmoja, na kikosi alichokikuta. Huko si kuanza upya, njomba, ni kupokea mzigo wa mtu njiani na kuufikisha bila kumwaga.

Kitu kimoja kinanipa hamu. Kuanzia 2026 FIFA imeunganisha dirisha la mechi za timu za taifa la Septemba na la Oktoba, kuanzia tarehe 21 Septemba hadi 6 Oktoba, mechi mpaka nne. Siku kumi na sita mfululizo! Nimeshachora kwenye daftari: ukitoa safari na siku za kupumzisha miguu, yanabaki mazoezi sita, labda saba. Kwa mazoezi saba ningethubutu kugusa ile presha, upande mmoja tu wa uwanja, na AFCON ya 2027 tunaiandaa sisi na majirani.

Hayo ya daftari nilimweleza kinyozi siku ileile, nikamwonyesha kwa kidole kwenye kioo winga anavyopinda. Akauliza, "Sasa mwalimu, namba kumi ungemweka nani?" Nikamtajia. Akakataa. Nikamtajia sababu tatu, akanitajia nne, mashine inawaka na kuzimwa, foleni nyuma imefika watu watano. Nimefika nyumbani mke wangu ananiambia mstari wa kisogoni umepinda.