Matonge ya kuogea yanayochemka: jinsi ya kuyatengeneza kwa bei nafuu kwenye hewa ya pwani

Mipira inayochemka ukiitia kwenye maji ya kuoga ilianza Uingereza mwaka 1989. Mo Constantine, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya vipodozi ya Lush, aliitengeneza kwa kufuata vidonge vya tumbo vinavyochemka kwenye glasi. Jina lililoenea ni bomu la kuogea. Hapa nitaiita matonge, maana neno bomu juu ya kifurushi cha basi linaweza kukuletea maelezo mengi stendi.

Maelekezo mengi ya mtandaoni yameandikwa kwa ajili ya watu wenye hodhi ya kuogea na hewa kavu. Nyumba zetu nyingi zina ndoo na kata, kwa hiyo tonge la gramu 200 ni hasara tupu. Fanya ya gramu 40, kwa beseni la kulowekea miguu lenye maji ya lita 5. Gramu 600 za mchanganyiko hutoa matonge 14 au 15, badala ya matatu.

Hasara kubwa zaidi lakini ni matonge yanayoharibika kabla ya kutumika, na hapo kemia yake inasaidia kujua. Tonge ni bekingi soda na ndimu ya unga (asidi ya sitriki) vikiwa vikavu. Vikikutana na maji, molekuli 1 ya ndimu humaliza molekuli 3 za soda, na kinachotoka ni gesi ya kaboni dayoksaidi, chumvi ya sitreti, na maji. Ndiyo, maji tena, molekuli 3. Maji ndiyo huuanzisha mmenyuko, na mmenyuko wenyewe hutoa maji mengine ya kuuendeleza. Unyevu kidogo uliojificha ndani ya tonge haukauki tu ukaisha, unajizalia. Ndiyo maana tonge lililotoka zuri jioni linaweza kukutwa asubuhi limevimba kama andazi.

Kwa hiyo kazi yenyewe ni kuyawinda maji, na yanajificha mahali usipopategemea.

Unga mwororo wa kornflawa (wanga wa mahindi), ambao nao huingia kwenye mchanganyiko, unaonekana mkavu, lakini kwa kawaida zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake ni unyevu. Katika gramu 100 unaingiza zaidi ya gramu 10 za maji bila kujua. Utandaze kwenye sinia, uweke kwenye oveni ya nyuzi 100 kwa saa moja, au uukaange kwenye kikaango kikavu kwa moto mdogo sana ukikoroga bila kuunguza. Upoze ndani ya chombo kilichofungwa. Usiipashe moto bekingi soda: kuanzia nyuzi 50 hivi huanza kupoteza gesi yake taratibu na kugeuka kitu kikali zaidi kwa ngozi. Wanga wa muhogo nao unafaa na mara nyingi ni rahisi kupatikana. Uchekeche mara mbili, kisha uukaushe vivyo hivyo.

Ndimu ya unga huuzwa ya aina mbili. Gunia lililoandikwa "monohydrate" lina maji ndani ya chembe zake, karibu asilimia 8.6 ya uzito. Unayoitaka ni "anhydrous". Muuzaji akikupimia kutoka kwenye gunia lililo wazi, mwombe akuonyeshe maandishi. Maduka ya malighafi za sabuni, kama yale ya Kariakoo, Dar es Salaam, huuza kwa kilo kwa bei iliyo chini sana kuliko vikopo vidogo vya supamaketi. Bekingi soda nayo inunue kwa kilo, ya daraja la chakula.

Chumvi ya mawe iache kabisa. Ina magnesi inayovuta unyevu, na kila aliyeishi pwani wakati wa masika anaijua chumvi inayotoa maji yenyewe kwenye kopo. Chumvi ya haluli (Epsom), inayosifiwa sana kwenye maelekezo ya ng'ambo, nusu ya uzito wake ni maji yaliyofungwa ndani ya chembe. Kama mteja anaitaka, mpe pembeni kwenye kimfuko chake. Marashi ya waridi ni maji. Rangi ya chakula ya chupa ni maji. Siki na juisi ya ndimu, usiulize. Ukwaju una asidi nzuri, lakini imezama kwenye nyama ya tunda.

Na magadi si bekingi soda. Magadi ya kulainishia maharage ni makali zaidi na yatachubua ngozi. Bekingi pauda nayo ina asidi na wanga wake tayari, kwa hiyo itaharibu hesabu yako.

Vipimo, kwa mizani ya jikoni, maana kikombe cha unga uliolegea na cha unga ulioshindiliwa hutofautiana mno:

bekingi soda gramu 300
ndimu ya unga gramu 150
kornflawa iliyokaushwa gramu 110
mafuta ya nazi gramu 25
rangi ya unga gramu 1 hadi 2
mafuta ya manukato gramu 3, si zaidi
spiriti ya asilimia 90 au zaidi, mililita 5 hadi 10, kwenye chupa ya kupulizia

Kwa hesabu, gramu 150 za ndimu zinatosha kumaliza gramu 197 za soda. Inayobaki haichemki, huyeyuka kwenye maji tu. Ukitaka mchemko mkali zaidi weka ndimu gramu 200, lakini ndimu ni ghali kuliko soda, na kwa beseni la miguu tofauti haistahili pesa yake. Tonge moja la gramu 40 kwa vipimo hivi hutoa takriban lita 4 za gesi.

Fanya kazi kati ya saa nane na saa kumi alasiri. Wengi huchagua alfajiri kwa sababu ya ubaridi, na ndipo hewa ina unyevu mwingi kuliko saa zote. Miezi ya Juni hadi Septemba ni rahisi. Machi hadi Mei usianze bila chumba chenye kiyoyozi. Dodoma au Nairobi shida hugeuka: mchanganyiko hukauka mkononi, nao huhitaji spiriti zaidi kidogo.

Kama ndimu ina chembe kubwa kama sukari, isage kwanza. Chembe kubwa huacha mashimo. Ukifungua blenda subiri vumbi litulie, na vaa barakoa, kwani vumbi hilo likiingia machoni au kifuani utalijutia.

Chekecha soda na kornflawa pamoja na rangi. Changanya mafuta ya nazi na manukato, mimina taratibu, sugua kwa viganja mpaka kusiwe na donge. Nairobi mwezi wa Julai mafuta ya nazi huganda, yayeyushe kwanza. Ndimu ya unga iingie mwisho kabisa. Sasa pulizia spiriti mara mbili tatu, koroga, bana ngumini. Unatafuta mchanga wa pwani uliolowa kidogo: unashika umbo, na ukiubonyeza kwa kidole unakatika bila kutoa vumbi. Spiriti ya asilimia 70 ina maji asilimia 30, itakuchemkia bakulini. Na usiwe karibu na jiko lenye moto.

Kalibu za dukani si lazima. Finjani ya kahawa inatosha. Pima gramu 40, jaza kwa awamu tatu, shindilia kila awamu kwa kitako cha kijiko, kisha igeuze juu ya karatasi na gonga kitako. Ukilaza tonge kwenye finjani usiku kucha linaganda na kukatika likitolewa.

Kukausha ni saa 24 hadi 48 chumbani penye kiyoyozi, au kwenye oveni iliyopashwa kidogo ikazimwa, joto ambalo mkono unalivumilia ndani yake. Kuyaanika nje kwenye upepo wa bahari ni kuyanywesha.

Vipele juu ya tonge maana yake tone la spiriti liliangukia sehemu moja. Kubomoka ni ukavu, au hukushindilia. Tonge lililobapa chini na kutanuka lilikuwa na unyevu tangu bakulini. Linalozama kimya bila kuchemka limekwisha kuchemka kabatini. Likiteleza mkononi na kuchemka kwa uvivu, mafuta yamezidi.

Rangi inahitaji uangalifu. Manjano hupendeza na kuchafua beseni na kucha. Choya (rozela) iliyosagwa ni nyekundu kwenye tonge, kisha maji yenye soda yaliyobaki huigeuza kuwa samawati ya kijivu kama maji ya kufulia. Mafuta ya karafuu na ya mchaichai yananukia vizuri na yote huwasha ngozi nyepesi. Kwa karafuu sizidishi gramu 1 kwenye mchanganyiko wote. Mwenye kidonda, na hasa mwenye kisukari mwenye jeraha mguuni, asilowekwe.

Funga kila tonge kwa nailoni na uyaweke kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubonyeza. Chupa ya kioo yenye kizibo cha kukaza usitumie. Likiingia unyevu, zile lita 4 kwa kila tonge zitatafuta pa kutokea. Tumia ndani ya miezi mitatu, na kila wiki mbili tia tonge moja kwenye glasi ya maji. Likichemka kwa nguvu mara moja bado zima.