Kabla ya Kununua Toi, Geuza Uone Mfuniko wa Betri

Simu ya kuchezea, ile inayoimba mtoto akibonyeza namba, inauzwa kila kona. Ukiishika siku nyingine, achana na wimbo, igeuze mgongo. Kimfuniko cha betri kikifunguka kwa ukucha, irudishe ulipoitoa.

Viwango vya kimataifa vya vifaa vya kuchezea watoto vinataka betri ndogo bapa, zile tunazoziita za saa, zifungiwe zisitoke kirahisi, kwa kawaida kwa skrubu. Kuna ya lithiamu yenye upana wa milimita 20 na nguvu ya volti 3. Ikimezwa na kukwama kooni, mate hupitisha umeme, na upande wake hasi huanza kutengeneza kemikali ya aina ya kostiki soda, ile ya kupikia sabuni. Nyama inaungua hasa ndani ya saa 2. Hata betri uliyoitoa kwa kuwa imekwisha bado ina umeme wa kufanya hivyo. Ukishuku mtoto kaimeza, usimtapishe na usisubiri dalili. Mkimbize hospitali yenye eksirei.

Lingine ni vipande vidogo vinavyoweza kumkaba mtoto. Maabara ya kupima toi ina kikopo chenye kipenyo cha milimita 31.7 na kitako cha mshazari, kina chake milimita 25.4 upande huu na 57.1 upande ule. Toi ya mtoto wa chini ya miaka 3 huangushwa, huvutwa na kusokotwa. Kikinyofoka kitu, labda jicho la mwanasesere au tairi la gari, kikaingia chote kikoponi bila kubanwa, toi imefeli. Nyumbani tumia boksi la katikati ya karatasi ya chooni. Ni pana kidogo kuliko kikopo chetu, na hilo ni heri: kinachopita humo, mtoto asikiguse.

Wauzaji husema, "Imeandikwa miaka 3, lakini mwanao mjanja, ataiweza." Maandishi hayo hayapimi ujanja, yanahusu koo lake.

Hapa Tanzania, kazi ya kukagua bidhaa hizi ni ya Shirika la Viwango, TBS, chini ya Sheria ya Viwango Na. 2 ya mwaka 2009. Tangu 2012 bidhaa nyingi za nje hukaguliwa huko zinakotoka na kupewa cheti kabla ya kupakiwa. Zinazofika bila cheti hukaguliwa bandarini. Kinachopenya ni kile cha kwenye begi la abiria na njia za panya, ndiyo maana wakaguzi huingia pia madukani. Na herufi CE zisikutulize: ni tamko la mtengenezaji kwa soko la Ulaya, si kibali cha hapa.

Ukitaka kulalamika, njoo TBS na risiti pamoja na boksi lenye jina la mtengenezaji na namba ya toleo. Boksi hilo ndilo watu huliacha dukani ili mzigo uwe mwepesi, halafu mkaguzi analetewa toi tupu, isiyojulikana ilikotoka wala nyingine kama hiyo ziko maduka gani.