Fedha za wakfu, mahakama na siasa: kilichokatazwa na kisichokatazwa

Juzi nimeletewa tena andiko la mradi lililojificha. Asasi ina kazi nzuri kabisa: inataka kwenda Mahakama Kuu kupinga kanuni za urithi za kimila zinazomwacha mjane mikono mitupu. Ukifungua bajeti, humwoni wakili. Unachokuta ni "warsha ya kujenga uelewa kwa wadau": ukumbi, chai, vitini, nauli, posho. Ada ya wakili imeandikwa "mwezeshaji mtaalamu", na gharama za kufungua shauri zimemezwa na "mengineyo". Nilipouliza kwa nini, nikapewa jibu ninalolisikia kila msimu wa maandiko: "Mfadhili huyu ni wakfu wa hisani, haruhusiwi kugusa sheria wala siasa."

Si kweli. Na kwangu hii ndiyo dhana inayoumiza kuliko zote, kwa sababu asasi inayoificha kazi halali ndiyo inayokuja kuonekana imedanganya siku mkaguzi anapofungua majalada.

Dhana: wakfu wa hisani haufadhili mambo ya sheria na siasa

Chanzo chake nakijua. Mikataba mingi ya ruzuku kutoka Marekani ina kifungu kinachosema fedha hizi zisitumike kushawishi utungaji wa sheria wala kuingilia uchaguzi. Mkurugenzi akikisoma mara moja anaogopa, na mhasibu wake anaogopa zaidi. Lakini kifungu hicho kina historia. Katika miaka ya 1960 Wakfu wa Ford ulitoa ruzuku iliyosaidia kuandikisha wapigakura weusi mjini Cleveland, na mwaka 1967 Carl Stokes akachaguliwa kuwa meya, mtu mweusi wa kwanza kuchaguliwa kuongoza jiji kubwa la Marekani. Hilo lilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowakera wabunge wao, na Sheria ya Marekebisho ya Kodi ya 1969 ikaja na meno. Siku hizi wakfu ukitumia fedha kwa ushawishi uliokatazwa hutozwa kodi ya asilimia 20 ya kiasi hicho, na meneja aliyeidhinisha huku akijua anaweza kutozwa asilimia 5, hadi dola 10,000, kutoka mfukoni mwake. Ndiyo maana wanasheria wao huandika kifungu kile kwa ukali.

Sasa tazama kinachokatazwa hasa. Ushawishi, kwa maana ya sheria hiyo, ni kumwendea mbunge au mtu mwingine anayeshiriki kutunga sheria ukiwa na msimamo juu ya muswada au sheria mahususi, au kuwahimiza wananchi wamwendee. Sheria za nchi nyingine zinahesabiwa pia, kwa hiyo msidhani muswada wa Dodoma au wa Nairobi hauwahusu. Lakini jaji hatungi sheria. Kufungua shauri, kukata rufaa, kuomba kuingia kama rafiki wa mahakama (asiye upande wowote wa kesi, bali anayeisaidia mahakama kwa hoja), kumlipia mshtakiwa wakili: hakuna hata kimoja kinachohesabiwa kuwa ushawishi. Kumwandikia waziri maoni juu ya kanuni anazozitunga mwenyewe chini ya sheria iliyopo hakuhesabiwi. Utafiti unaoweka ukweli wote mezani hauhesabiwi, hata ukihitimisha kwa msimamo, mradi usiwaambie wasomaji wampigie mbunge simu. Na kamati ya Bunge ikiwaita mtoe utaalamu, nendeni. Hakikisheni tu kwamba wito uko kwa maandishi, umetoka kwa kamati yenyewe wala si kwa mbunge mmoja rafiki yenu, kisha uwekeni kwenye jalada.

Na fedha za hisani zimelipia kesi tangu zamani. Mwaka 1930 mfuko ulioanzishwa kwa urithi wa kijana aitwaye Charles Garland, urithi ambao mwanzoni aliukataa, uliahidi kuipa NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi, dola 100,000 kwa kampeni ya kisheria dhidi ya ubaguzi. Mdororo wa uchumi ukafanya sehemu kubwa isitoke. Kidogo kilichotoka kililipia mpango wa mwanzo, ambao wakili Charles Hamilton Houston na mwanafunzi wake Thurgood Marshall waliufanyia marekebisho na kuusukuma kesi baada ya kesi, hadi hukumu ya Brown ya 1954 iliyoharamisha kutenga shule kwa rangi. Karibu na kwetu, kituo cha sheria cha Legal Resources Centre kilianzishwa Afrika Kusini mwaka 1979, katikati ya ubaguzi wa rangi, kwa msaada wa wakfu za Ford, Carnegie na Rockefeller. Kesi zake za Komani na Rikhoto zilitoboa sheria za pasi zilizowazuia Waafrika kuishi mijini na familia zao. Mwaka 2002 kituo hicho hicho kilisimama upande wa wanaharakati wa UKIMWI katika Mahakama ya Katiba, na serikali ikaamriwa kutoa dawa ya nevirapine kwa wajawazito wenye virusi, ili watoto wasiambukizwe. Anayesema hisani haigusi sheria anafuta historia yote hiyo.

Hata ushawishi wenyewe una njia yake, na hapa ndipo ninapowasihi wateja wangu waulize swali moja kabla ya kusaini: mfadhili ametuweka kwenye utaratibu gani? Wakfu wa Marekani hutumia mojawapo ya njia mbili kuipa fedha asasi ya nje. Ya kwanza ni kuchunguza nyaraka zenu na kuthibitisha kwamba mnalingana na asasi ya hisani ya umma ya kwao, yaani inayotegemea michango ya wengi. Ya pili ni wakfu kubeba wajibu wa kufuatilia kila senti. Kwenye njia ya pili marufuku ya ushawishi lazima iandikwe kwenye mkataba, na hamna ujanja, iheshimuni. Kwenye njia ya kwanza mna nafasi pana zaidi. Mkipewa ruzuku ya jumla ya kuendesha taasisi, bila kutengewa ushawishi, mnaamua wenyewe. Mkipewa ruzuku ya mradi, wakfu unaweza kulipia hadi kiasi cha bajeti ambacho hakihusu ushawishi: mradi wa dola 100,000 wenye ushawishi wa dola 30,000 unaweza kupewa hadi dola 70,000 bila kuvunja sheria, na zile 30,000 mkazitafuta kwingine. Hesabu hiyo inafanyika kwa bajeti ya kweli iliyosainiwa. Ukiwa umemwita wakili mwezeshaji na kikao na wabunge umekiita warsha, umejinyima kinga ambayo sheria imekupa.

Kwa hiyo andikeni wakili, ada ya mahakama, tafsiri ya viapo, nauli ya mashahidi kutoka wilayani. Ofisa ruzuku anayejua kazi yake hatashtuka. Anayeshtuka, mwombeni awaulizie kwa mwanasheria wao. Mara nyingi anarudi na jibu zuri.

Dhana: masharti ya wafadhili wote ni yale yale

Masharti hufuata mahali wakfu uliposajiliwa. Atlantic Philanthropies, iliyojengwa kwa utajiri wa Chuck Feeney, ilisajiliwa Bermuda, na kwa sababu hiyo iliweza kumimina zaidi ya dola milioni 25 kwenye kampeni ya mageuzi ya bima ya afya ya Marekani, jambo ambalo wakfu uliosajiliwa New York usingeweza kulifanya kwa njia hiyo. Kabla ya kunakili kifungu kutoka mkataba wa zamani, someni huu mlio nao mkononi.

Dhana: kufadhili utetezi ni kufadhili chama au maandamano

Julai 2024, wakati vijana wa Kenya wako barabarani, Rais Ruto aliutuhumu hadharani Wakfu wa Ford kwamba unafadhili vurugu. Wakfu ulikanusha, ukasema haukufadhili maandamano na kwamba sera yake ya ruzuku haifungamani na chama chochote. Kwa upande wa vyama, sheria ya Marekani haina mjadala: fedha za hisani kumpigia debe mgombea au kumpinga ni marufuku. Basi msimpe mtu kisingizio. Fulana za mradi zisivaliwe kwenye mkutano wa kampeni, gari la mradi lisibebe mgombea hata akiwa shemeji yake mkurugenzi, na mjumbe wa bodi anayegombea apumzike ujumbe wake.

Dhana: anayelipa ndiye mwenye kesi

Mwenye kesi ni mleta maombi. Wakili anawajibika kwake, na siri zake hazipelekwi kwenye ripoti ya robo mwaka. Hili lilipata uzito zaidi Tanzania baada ya marekebisho ya 2020 ya Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi, yaliyomtaka anayefungua shauri la kikatiba aeleze kwa kiapo jinsi alivyoathirika yeye binafsi. Kenya, Ibara ya 22 ya Katiba ya 2010 inamruhusu yeyote kufungua shauri kwa maslahi ya umma. Penye sharti kama lile la kiapo mnamhitaji mtu halisi, mwenye jina, majirani na hofu zake. Wekeni fedha kwa ajili ya usalama wake, na makubaliano ya maandishi kwamba akitaka kujitoa, anajitoa, hata kama mfadhili anasubiri hukumu.

Dhana: tukishindwa, tutarudisha ruzuku

Hapana. Ruzuku inalipia kazi iliyofanyika. Kinachorudishwa ni fedha iliyobaki au iliyotumika kinyume cha mkataba. Hatari ya kuikadiria ni gharama za upande wa pili: katika kesi za maslahi ya umma majaji mara nyingi huamuru kila upande ubebe zake, ila hawalazimiki.

Dhana: hukumu ikitoka, mradi umekwisha

Julai 2016, katika shauri la Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilisema vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971 ni kinyume cha Katiba. Vifungu hivyo vinaruhusu binti wa miaka 15 kuozwa kwa idhini ya wazazi, na wa 14 kwa ruhusa ya mahakama. Serikali ilipewa mwaka mmoja kurekebisha. Ikakata rufaa. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Mwaka mmoja mwingine ukapita, na sheria haikurekebishwa.

Asasi nyingi bajeti yao inaishia siku ya hukumu, kisha hakuna fedha ya kuandika barua wizarani, kufuatilia utekelezaji wala kurudi mahakamani kulalamika kwamba amri imepuuzwa. Na sehemu ya kazi hiyo ya baadaye, ile ya kuwaomba wabunge wapitishe marekebisho, ndiyo ushawishi hasa, kwa hiyo inahitaji fedha zisizo na marufuku: michango ya wanachama, mapato yenu wenyewe, ruzuku ya jumla. Mimi huwaambia wateja watenge miaka miwili baada ya hukumu, na waanze kuzitafuta fedha hizo siku wanayofungua shauri.