Kuzifunga Programu Zote Hakuiongezei Simu Kasi

Juma lililopita, katika meza yangu karibu na Soko la Majengo hapa Dodoma, wateja watatu waliniletea simu zilizokuwa nzito, na wote walianza kwa kujitetea: "Fundi, lakini mimi kila saa nazifunga programu zote." Mmoja wao, mama anayelima zabibu Hombolo, alikuwa ameongeza na programu mbili za kusafisha simu, akashangaa nilipomwambia kwamba hizo ndizo nitakazoanza kuziondoa.

Naomba imani hii tuiache. Android huibakiza ndani ya RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya simu, programu uliyotoka kuitumia, tena kwa makusudi, ili ukiirudia ifunguke papo hapo; nafasi ikihitajika, mfumo wenyewe huondoa zile zilizokaa muda mrefu bila kuguswa. RAM iliyo tupu haikupi kasi yoyote. Unapoifagia WhatsApp, yaani kuifunga, kisha ukaifungua tena baada ya dakika mbili, simu inalazimika kuipakia upya kutoka kwenye hifadhi, mahali zinapokaa programu, picha na video zako, na kazi hiyo hula muda na chaji kuliko kama ungeiacha ilipokuwa. Programu za kusafisha hurudia ufagiaji huo huo mchana kutwa, nazo zenyewe zimekalia RAM zikionyesha matangazo. Iliyoganda ifunge, hapo sina ubishi. Kuzifunga zote kila saa ni kuichosha simu, na simu yenye RAM ya gigabaiti 1 haitapata ya pili kwa kufagiwa.

Uzito wa simu ya mama yule ulikuwa kwenye hifadhi, ambayo karibu yote ilikuwa imejaa video za magrupu ya WhatsApp. Chipu ya hifadhi haiandiki juu ya data ya zamani moja kwa moja. Hufuta kwanza bloku nzima, yaani fungu zima la data, na nafasi ikibana hulazimika kuhamishahamisha data kabla ya kuandika hata picha moja. Kuhamishia programu kwenye kadi ya kumbukumbu ya bei rahisi si dawa, kwa sababu kadi nyingi za aina hiyo husoma polepole kuliko hifadhi ya simu yenyewe. Kadi ibebe picha na muziki.

Betri nayo isisahaulike. Desemba 2017 Apple walikiri kwamba mfumo wao ulipunguza kasi ya baadhi ya iPhone zenye betri zilizochoka ili zisizimike ghafla, na kwa mwaka 2018 wakashusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi 29. Joto pia hupunguza kasi, kwani prosesa, yaani ubongo wa simu, ikipata moto hujizuia yenyewe. Usiiache simu juani wala usicheze gemu ikiwa kwenye chaji.

Kuhusu kuirudisha simu kwenye hali ya kiwandani, nakiri kwamba mara nyingi huwa nyepesi, lakini siwezi kumwambia mteja kwa uhakika kama kilichosaidia ni nafasi iliyopatikana au ni programu zilizoondoka, na baadhi zimerudi mezani kwangu zikiwa nzito vile vile. Ndiyo maana sianzii hapo.

Simu ya mama huyo sikuirudisha huko. Nilihamishia video zake kwenye kompyuta ya mwanawe, nikaondoa zile programu mbili, nikaizima na kuiwasha. Nimemwomba aitumie wiki mbili bila kufagia chochote, kisha aniletee tuiangalie pamoja.