Uigaji wa MPLS: lebo inasaidia wapi hasa?

MPLS (Multiprotocol Label Switching) ni namna ya kusafirisha pakiti za data kwa kufuata lebo badala ya anwani ya IP. Katika mtandao wa kawaida kila ruta, yaani kifaa kinachoelekeza pakiti, hupekua jedwali lake na kuamua upya pakiti ielekee wapi. Kwenye MPLS uamuzi hufanywa mara moja tu, mlangoni: ruta ya pembeni hubandika lebo, ruta za ndani huisoma na kuibadilisha, na pakiti inapokaribia kutoka, lebo hubanduliwa. Lebo ni baiti 4 zinazokaa mbele ya kichwa cha IP, sehemu ya pakiti yenye anwani. Kati ya biti zake 32, 20 ni namba ya lebo yenyewe. IETF, jumuiya inayoandaa viwango vya intaneti, ilichapisha muundo huu mwaka 2001.

Wanafunzi wengi bado huambiwa kuwa faida yake ni wepesi wa kusoma lebo. Hoja hiyo ilikuwa na uzito miaka ya 1990, lakini chipu za ruta za leo hutafuta anwani ya IP bila kuhema. Faida iliyobaki, na kwangu ndiyo kubwa, ni uhuru wa kuchagua njia.

Uigaji, yaani kuujenga mtandao ndani ya programu na kuupima humo, huonyesha jambo hili vizuri. Chukua ruta A hadi E. Kutoka A kwenda E kuna njia fupi kupitia B na njia ndefu kupitia C na D, kila kiungo kikibeba megabiti 10 kwa sekunde. Tuma mitiririko miwili ya UDP, itifaki isiyopunguza kasi yenyewe njia ikijaa, kila mmoja megabiti 8 kwa sekunde. IP huisukuma yote njia fupi: megabiti 16 ndani ya 10, na zaidi ya theluthi ya pakiti hupotea. Ukiipandishia njia fupi gharama (namba ambayo ruta hutumia kulinganisha njia) hadi izidi ya njia ndefu, yote miwili huhamia njia ndefu pamoja, na msongamano umehama tu. Kwa MPLS unaupa mtiririko mmoja lebo za njia ndefu, na upotevu unakoma.

Sasa rudia kwa megabiti 2 kila mtiririko. Tofauti karibu haipo, na pakiti ya sauti ya baiti 60 imeongezewa na lebo karibu asilimia 7 ya uzito. Kwa hiyo uigaji usioujaza mtandao haupimi MPLS.

Chagua chombo kwa uangalifu pia. GNS3 huendesha programu halisi za ruta, inafaa kujaribia usanidi. Lakini kasi yake hutegemea kompyuta yako, kwa hiyo usiitumie kupima ucheleweshaji. Kwa vipimo, OMNeT++, programu ya uigaji yenye saa yake ya ndani, ikiwa na INET, maktaba yake ya itifaki za mtandao, ni salama zaidi. Humo, kata kiungo cha B na E katikati ya jaribio, uhesabu pakiti zilizopotea kabla njia ya akiba, hapa ile ya C na D, haijashika. Katika mitandao halisi, waendeshaji hulenga kuhamia njia ya akiba ndani ya milisekunde 50.